Sekunde Kumi na Sita

Melini, tarehe 4 Machi

Mume wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na nyingine kwa wifi, ingawa najua ameshaisoma barua hii kabla yako. Wifi, mpe kaka yako karatasi yake.

Mimi mzima. Barua yako ya mwezi uliopita niliisoma siku tatu, si kwa utamu bali kwa mwandiko. Mkono wako wa kushoto unaandika kama kuku aliyekanyaga wino, lakini herufi zimeanza kusimama. Endelea. Daktari alisema mkono utatangulia na ulimi utafuata, na mimi nangoja vyote viwili. Simu za kawaida hazishiki huku, ya melini ni ya nahodha na kazi zake, na hata ningepewa ningesikiliza pumzi zako tu. Basi tuandikiane, boti ya mboga ibebe mapenzi yetu pamoja na kabichi.

Umeuliza habari za jiko. Jiko sasa ni langu. Watu kumi na wawili, milo mitatu kwa siku, na kila mmoja ana mama yake aliyepika vizuri kuliko mimi. Mpole wao ni Fundi Mkuu wa mashine. Huyo ukimpa mkate wa moto asubuhi, siku nzima ni ndugu yako. Ndiye aliyenimalizia shida ya maji. Zamani meli ikiinama, bomba la jikoni lilikuwa linakohoa hewa na kukauka, na mimi nina sabuni hadi viwikoni. Sasa maji hayakatiki kabisa.

Halafu kuna habari njema zaidi: meli imenizoea. Unakumbuka nilivyokulalamikia miezi miwili ya kwanza? Ilikuwa inaegemea kulia, na kabla hujashika meza imeshakurusha kushoto kwa hasira. Nyonga zote mbili zilichubuka. Sufuria zilikuwa zinakimbizana kama mbuzi. Basi tangu wiki mbili zilizopita, hakuna tena. Mawimbi ni yale yale, lakini meli inainama taratibu, inatulia kidogo, inarudi kwa adabu. Nalala kama mtoto anayebembelezwa. Nikasema hili lazima nimwambie mzee wangu, aliyeapa kwamba sitamaliza mwezi.

Usinijibu kwa mambo ya uafisa. Wewe ulikuwa afisa mkuu wa meli miaka ishirini na miwili, mimi ni mpishi wa miezi mitatu, lakini jikoni kwangu cheo chako hakiingii. Tulikubaliana.

Nyoosha vidole kila asubuhi. Nitajua kwa mwandiko kama hunyooshi.

Mkeo

* * *

Nyumbani, tarehe 9 Machi

Mke wangu,

Wifi yako amekana katakata kwamba amesoma barua. Dakika tano baadaye akaniuliza kama kabichi za huko ni nzuri.

Naendelea vizuri. Nimefika duka la dawa na kurudi kwa fimbo bila kukaa njiani. Juzi nilitamka neno moja, "maji". Wifi yako akaniletea maji mbio mbio huku analia kwa furaha, kumbe mimi nilikuwa nataka chumvi. Nikanywa. Nilikunywa glasi mbili nisimvunje moyo.

Nina ombi dogo. Siku isiyo na upepo mkali, tundika upawa kwenye kulabu juu ya jiko. Meli ikiinama, utauona upawa unaegemea upande. Shika saa. Anza kuhesabu ukifika mwisho wa kulia, uende kushoto, urudi tena mwisho wa kulia. Hiyo ni moja. Fanya mara kumi, ugawe kwa kumi, uniandikie ni sekunde ngapi. Kisha uniambie, meli ikifika mwisho inarudi mara moja, au inakaa kwanza?

Ni mchezo tu. Nashinda natazama ukuta, nipe kitu cha kufikiria. Kama unajua mizigo iliyoko juu ya sitaha ni mingi kiasi gani, niambie. Kama hujui, basi.

Nakupenda. Naliandika kwa sababu siwezi kulisema, na kabla sijaugua niliweza kulisema na sikulisema.

Mumeo

* * *

Melini, tarehe 15 Machi

Mume wangu,

Jibu la mchezo wako ni kumi na sita. Siku ya kwanza ilikuwa kumi na tano, jana kumi na sita kamili. Na ndiyo, inakaa. Ikifika mwisho inakaa, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata, kisha ndipo inarudi.

Sasa nisikilize. Nikiwa nimekodolea macho upawa na saa mkononi, afisa mkuu wetu, tunamwita Chifu, akaingia kutafuta chai. Akaniuliza nafanya nini, nami kwa ujinga wangu nikamwambia. Akacheka hadi akashika mlango. "Mumeo anaitaka kazi yangu?" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda stoo ya vyakula nikakukasirikia.

Kwa sababu nilikumbuka debe la mchele. Siku mbili nilitafuta cheti changu cha afya ili nije kazini, nimepindua nyumba nzima, na wewe umekaa kitini unanitazama natafuta, kumbe umekificha ndani ya debe la mchele. Mume wangu, ulimficha mpishi kitu ndani ya mchele! Hata hila zako zina upendo, lakini ni hila. Siku ile ukaniandikia kwa mkono wako wa kushoto: "Naapa sitaingilia kazi yako tena wala sitakanyaga ofisini kwa kampuni yenu ya meli." Karatasi hiyo ninayo chini ya mto.

Nakuuliza, upawa ni wa nini? Kama ni njia ya kunitia hofu nirudi, sema. Kama kuna kitu kingine, sema pia. Mimi si mtoto wa kupewa mchezo.

Kesho tunapakia mabomba ya kuchimbia, sitaha nzima, tunayapeleka kwenye mtambo wa mafuta ulio mbali kuliko yote. Fundi Mkuu anakusalimu. Nilipomsimulia naye akacheka, akasema kama meli inabembea ni zawadi yake, maana amefungua matangi yote sita ya maji kwa pamoja ili nisikose ya kunawa.

Mkeo

* * *

Nyumbani, tarehe 19 Machi

Mke wangu,

Naandika haraka, uvumilie mwandiko. Hii si hila.

Lile debe la mchele lilikuwa hila, na naona aibu hadi leo. Niliona unaondoka kwenda mahali ambapo mimi siwezi kurudi tena, nikafanya utoto. Ndiyo maana juzi niliogopa kukwambia wazi. Nilijua utasema, huyo ameanza tena. Nikaiita mchezo. Nilikosea, kwa sababu nimepoteza siku kumi.

Meli inayokurusha ni meli yenye afya. Inainama, inakataa, inarudi kwa hasira, na hiyo hasira ndiyo nguvu yake ya kusimama. Yenu kwa upana wake inapaswa kwenda na kurudi kwa sekunde tisa, kumi. Ikifika kumi na sita imechoka. Ikianza kukaa upande kabla ya kurudi, ina maana nguvu ya kuinuka inaisha, na siku itakapoisha kabisa haitakupigia kelele kwanza. Utamu uliokuwa unausikia kitandani ndio ugonjwa wenyewe.

Maneno ya Fundi Mkuu yamenikausha mate. Chukua beseni, tia maji nusu, ulibebe ukitembea. Maji yanakimbilia upande ulioinama na kukuvuta huko huko. Beseni tupu halikuvuti. Pipa lililojaa hadi kifuniko halikuvuti pia, maji hayana pa kukimbilia. Ubaya uko kwenye nusu. Ndiyo maana baharini tunatumia tangi moja mpaka liishe, mengine yakae yamejaa na koki zake zimefungwa. Yeye akiyafungua yote usikose maji, yote yanapungua pamoja na yote yanakuwa nusu. Mna mabeseni sita tumboni mwa meli, na juu mmepanga mabomba.

Hakukusudia ubaya. Amekuonea huruma, ndilo kosa lake. Usimwendee Chifu. Mwendee nahodha mwenyewe, umwambie: sekunde kumi na sita, na matangi yote yako nusu. Kama ni nahodha, hatahitaji maelezo.

Barua hii itakufikia na boti ya tarehe 22. Hizo ni siku tatu. Niliapa sitakanyaga ofisini kwenu, na nimelifikiria hilo kwa muda wa kuvaa viatu, ambao kwangu siku hizi ni muda mrefu. Nakwenda sasa hivi. Nimeandika karatasi, wifi yako ataisoma kwa sauti. Nimevunja kiapo, na nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Kasirika, mke wangu, kasirika unavyotaka, ila ukasirike ukiwa hai.

Mumeo

* * *

Melini, tarehe 22 Machi

Kwa mume wa mpishi wetu,

Ndugu afisa mwenzangu, hatujuani, lakini nimeona ni haki nikuandikie kwa mkono wangu. Ujumbe wako ulinifikia kupitia ofisi tarehe 19, saa tisa alasiri. Ulikuwa sahihi kila neno. Ila ulichelewa siku mbili.

Tarehe 17 mchana, tukiwa njiani na mabomba, meli iliinamia kushoto ikakaa huko. Ilirudi, lakini kwa kujivuta. Wengi hawakugundua kitu. Mara mke wako akapanda kwenye chumba cha usukani, aproni kiunoni, unga hadi kwenye nyusi, saa mkononi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema: "Nahodha, ilikuwa kumi na sita, sasa ni kumi na tisa. Mimi sijui maana yake. Mume wangu anajua na hajaniambia. Ameniandikia kwamba ni mchezo, na mume wangu hajui kucheza, hata karata hachezi. Kwa hiyo naogopa."

Chifu alianza kucheka. Mimi nilitoa saa yangu nikahesabu mwenyewe, na sikufika mara ya tatu.

Tuliielekeza meli kwenye mawimbi, tukafunga koki zote, tukahamisha maji tukajaza tangi moja moja kuanzia ya chini kabisa. Mabomba ya sitahani nayo yalikuwa yameshika maji ndani, tukayatoa. Kazi ilichukua saa tano. Mke wako alipika chakula cha watu kumi na wawili wakati huo wote, na kwa kuwa hakuna aliyekuja mezani, alituzungukia na sahani akitulisha kama wagonjwa. Sidhani kama atakuambia hilo.

Kosa ni langu kwanza. Kabla ya kuondoka gatini, uimara wa meli hupigiwa hesabu kwa mizigo na maji yaliyomo siku hiyo. Chifu aliandika kwamba matangi ya maji yamejaa, kwa sababu siku zote huwa yamejaa. Nami nikasaini kwa sababu hiyo hiyo. Ofisini nimeandika hivyo hivyo, bila kuficha.

Jambo moja la mwisho. Nilipopata ujumbe wako nilimweleza mke wako kwamba ulikwenda ofisini. Aliingia jikoni akafunga mlango. Sijui kama nimekufanyia wema au ubaya, lakini nilidhani anajua.

Wako katika kazi,
Nahodha

* * *

Melini, tarehe 24 Machi

Mume wangu,

Barua yako ya tarehe 19 nimeisoma nimekaa juu ya gunia la viazi. Nimeisoma mara nne.

Niache nianze na hasira, tuimalize. Uliapa na ukavunja. Chifu siku hizi ananiita Bibi Ofisi, na ameacha kuomba chai, anaifuata mwenyewe. Siku ile nahodha aliponiambia, nilifunga mlango wa jiko nikakanda unga mpaka mabega yakaniuma. Nilikasirika kweli kweli, na nilikuwa hai, kama ulivyokuja kuniagiza baadaye.

Halafu katikati ya kukanda nikakuona. Nikamwona wifi anasoma karatasi kwa sauti mbele ya wale watu, na wewe umesimama pembeni na fimbo yako. Wewe, ambaye mabaharia walikuwa wanazima sigara ukipita. Tangu kiharusi kikuchukulie ulimi hujakubali mtu yeyote wa kazi ya zamani akuone. Wamekuja mlangoni mara ngapi ukanituma niseme umelala? Na ukaenda mwenyewe, mchana, ukapita mapokezi. Basi nikalia juu ya ule unga. Walisema mkate wa siku hiyo ulizidi chumvi.

Nahodha ameniambia amekuandikia. Sijui amesema nini, lakini nina hakika kuna kitu hakukisema, kwa sababu ni muungwana. Ni mimi niliyeomba maji. Nilimsumbua Fundi Mkuu wiki nzima, nikamwita bahili wa maji, nikamnyima mkate siku mbili. Alijua koki zinatakiwa kufungwa. Alizifungua kwa ajili yangu, kisha akaona haya kumwambia Chifu kwamba ameshindwa na mpishi. Watu kumi na wawili, mume wangu, kwa ajili ya sabuni ya viwiko vyangu. Nimelisema mezani mbele ya wote. Fundi Mkuu akasema hapana, koki ni za kwake, kosa ni lake. Mimi nikasema langu. Tukagombania kosa kama watu wanaogombania nyama, mpaka nahodha akatuamuru tunyamaze tule.

Sasa maji yanakatika tena, na meli inanirusha kama zamani. Nyonga ya kulia imeshachubuka. Ni sekunde tisa na nusu. Kila asubuhi nahesabu, naandika kwenye ubao ulioko mlangoni kwa Chifu, kwa amri ya nahodha. Chifu anausoma akidhani simwoni.

Nahodha ameniomba nibaki miezi sita mingine. Lazima nimjibu boti ya tarehe 2 Aprili ikifika. Kwa hiyo nakuuliza, na usinipambe. Ulipoandika ile barua na ulipokwenda ofisini, ulitaka meli isimame, au ulitaka mimi nirudi? Nitasaini au sitasaini kufuatana na jibu lako.

Mkeo

* * *

Nyumbani, tarehe 28 Machi

Mke wangu,

Barua hii wifi yako haisomi. Nimeigundisha mwenyewe kwa gundi na kuipeleka posta kwa miguu yangu.

Nilitaka vyote viwili.

Nilipoisoma ile barua yako ya kwanza, niliogopa kwa ajili ya meli na watu wake, na hofu hiyo ilikuwa safi. Lakini tarehe 19, njiani kwenda ofisini, nikiwa nimesimama kupumzika kwenye ukuta wa shule, niligundua kwamba ndani ya hofu hiyo kuna furaha. Ndogo, lakini ipo. Nilikuwa nasema moyoni, sasa watamrudisha. Watu kumi na wawili wako kwenye meli mgonjwa, pamoja na mke wangu, na mimi nafurahi. Nimetembea na aibu hiyo siku tisa. Sina mwingine wa kumwambia ila wewe.

Umesema nisikupambe. Nakutaka nyumbani. Kitanda kimekuwa kipana mno. Wifi yako hapiki, anachemsha. Naionea wivu boti ya mboga kwa sababu inakuona mara kwa mara. Leo meli yenu iko sekunde tisa na nusu, kwa hiyo sina tena sababu yoyote ya kukuita ila hiyo moja, na ningekuwa na ulimi ningekusihi, na ungeisikia sauti yangu ungerudi. Kwa mara ya kwanza tangu niugue, nashukuru kwamba sina.

Kwa maana miaka yote ile ya uafisa sikuwahi kupanda kwa nahodha kumwambia jambo nisilolielewa. Ningeona haya. Ningengoja nielewe kwanza, na tarehe 17 mngekuwa mmeshazama mimi bado nangoja. Wewe hukungoja. Ulijua tu kwamba mumeo anaogopa, ukapanda. Nimekaa na kalamu tangu saa tatu asubuhi.

Saini.

Mumeo